Uzoefu wangu: nimepima utumbo mpana hapa Moshi, na nawaomba na ninyi mkapime

Kaka yangu alitibiwa bawasiri kwa miaka miwili. Alinunua dawa za kupaka, akanywa mizizi aliyoletewa kutoka Rombo, akaacha pilipili. Damu ilikuwa inakuja na kupotea, na kila ilipopotea tulisema amepona. Alipokuja kupimwa, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tulimzika akiwa na miaka 51. Naanza na yeye kwa sababu bila yeye nisingeenda.

Mimi nina miaka 46, nauza vitenge Mbuyuni. Sikuwa na dalili yoyote: tumbo haliumi, choo cha kawaida, mwili haujapungua. Daktari wa kaka ndiye aliyetuita sisi ndugu wa tumbo moja akasema tusingoje kuumwa. Mwenye mzazi au ndugu aliyepata saratani hii akiwa bado na umri kama wa kaka aanze kupima akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao nduguye aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Kwa asiye na historia hiyo, miongozo ya Marekani tangu 2021 inasema aanze na miaka 45. Zamani ilikuwa 50. Nilikaa na maneno hayo karibu mwaka mzima. Ni aibu iliyonishika, wala si hela. Nilikuwa nawaza nani atanivua nguo.

Sasa niwaambie ukweli wa kipimo chenyewe, kinaitwa kolonoskopi: mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa njia ya haja kubwa, daktari anauangalia utumbo kwa ndani. Kazi kubwa iko nyumbani. Siku tatu kabla niliacha maharage, mahindi, mboga za majani na matunda yenye mbegu. Siku ya mwisho hakuna kula kabisa: chai ya rangi, maji, na supu iliyochujwa mpaka unaona chini ya bakuli. Kinywaji chekundu hapana, maana kinaweza kuonekana kama damu. Jioni ndiyo nikaanza dawa ya kusafisha tumbo, unga unaochanganywa na maji lita 4, nusu jioni na nusu alfajiri. Ina chumvichumvi na utelezi fulani hivi. Glasi ya tatu nilitaka kulia. Kilichonisaidia ni kuipoza kwenye friji na kulamba limao kila baada ya glasi. Shikilia mpaka unachotoa chooni kiwe maji ya njano yasiyo na uchafu, kama mkojo. Usipomaliza dawa, daktari haoni vizuri na unaweza kurudishwa uanze upya, kwa hiyo maliza.

Hospitalini nina lawama moja. Tuliambiwa wote tufike saa moja asubuhi, mimi nikaingia saa sita na nusu, mdomo umekauka, na hakuna aliyetoka kutueleza kinachoendelea. Mtu aliyeshinda njaa na kuharisha usiku kucha hastahili hivyo. Hilo walirekebishe.

Ila chumbani, jamani, ile aibu niliyoibeba mwaka mzima sikuikuta. Muuguzi, mama wa makamo, alinifunika shuka, akanilaza ubavu wa kushoto, magoti nimeyakunja kuelekea kifuani. Alikuwa ananiita "dada" kila anapotaka kunigusa, ananiambia kwanza anachofanya. Nikachomwa dawa ya usingizi kwenye mshipa. Sikulala fofofo, nilikuwa naona kioo kinachoonyesha picha za kamera. Utumbo kwa ndani una rangi ya waridi, unang'aa kama ndani ya shavu. Tumbo lilijaa gesi, likabana kidogo, basi. Halafu daktari akasimama mahali pamoja. Palikuwa na kinyama chenye kikonyo, kama uyoga, ukubwa wa punje ya hindi. Akapitisha waya wenye kitanzi, akakizungushia, akakikata. Sikusikia chochote, kwa sababu ukuta wa ndani wa utumbo hauhisi kukatwa.

Kilipelekwa maabara. Majibu: si saratani, lakini ni kile cha aina inayoweza kugeuka saratani kikiachwa, na safari hiyo mara nyingi huchukua miaka kama 10 bila kukuuma. Kaka naye huenda alianza na kama hicho. Mimi changu kimeshatolewa, naambiwa nirudi baada ya miaka 5.

Hatari zipo, walinieleza kabla sijasaini: kutokwa damu, na mara chache sana utumbo kutoboka. Ukiona hicho kipimo kinakutisha, ulizia cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hicho ni cha kila mwaka, na kikionyesha damu lazima uende kwenye kamera. Lakini wewe ambaye tayari unaona damu chooni, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, nenda hospitali wiki hii, usijitibu bawasiri. Na wenye bima waulize mapema kama inalipa, wasisubiri kufika dirishani.

Jambo moja zaidi. Kwa ajili ya ile dawa ya usingizi hawakuruhusu kuondoka peke yako. Lazima uwe na mtu, na siku hiyo huendeshi gari wala kupanda bodaboda. Mimi nilisindikizwa na shoga yangu wa meza ya pili, alifunga biashara siku nzima akakaa kwenye benchi na mkoba wangu mapajani. Ana miaka 49. Tulipokuwa tunarudi kwenye bajaji aliniuliza ile dawa ina ladha gani. Amepata tarehe, Jumanne ijayo. Limao nimeshamnunulia, na meza yangu siku hiyo itafungwa.