Kuanza kutafuta ukoo: wazee au nyaraka?
Kwa gharama, wazee hawana mpinzani: daftari, simu ya kurekodia na subira vinatosha. Nyaraka nazo zinaweza kupatikana bure kupitia tovuti ya kumbukumbu za ukoo ya FamilySearch, ila tovuti nyingine ya aina hiyo, Ancestry, hutoza ada.

Kwenye uhakika mambo hugeuka. Cheti cha kuzaliwa hutaja tarehe. Bibi atakwambia "alizaliwa wakati wa mavuno". Lakini hakuna cheti kitakachokueleza kwa nini ndugu wawili waliacha kusemezana. Na makarani waliandika walivyosikia, hivyo jina moja hukutwa na tahajia tatu, zitafute zote.

Nyaraka nyingi zitakusubiri, mzee hatakusubiri. Kama bado unaye wa kumuuliza, nenda wiki hii. Kama wote wametangulia, anza na cheti chako, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja.