Uzoefu wangu: Nilimpeleka mama Tanga kuoga maji moto ya Galanos

Pete ya fedha ya mama ilianza kubadilika rangi tukiwa bado majini. Tulipotoka na kukaa kwenye kivuli akaivua, akaigeuzageuza: juu imekuwa ya kahawia, na kwenye michoro imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Hiyo ndiyo salfa, fedha haiwezi kupambana nayo. Kwa hiyo ukipanga kwenda Galanos, pete, bangili na mikufu ya fedha viache chumbani.

Naandika haya kwa sababu kabla ya safari nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyekwenda huko na mzazi mzee, nikakosa.

Babu yangu mzaa mama alitoka Songea kwenda kukata mkonge Tanga enzi za manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani. Alirudi kwao na makovu ya miiba mikononi, na habari ya maji ya moto karibu na Amboni yanayonuka mayai viza. Vibarua waliowashwa na utomvu wa mkonge walikuwa wakienda kuyaoga siku ya mapumziko. Mama amekua akiisikia habari hiyo. Sasa ana miaka 67, magoti yanamtesa, na mwaka huu akasema, "Mwanangu, nipeleke nikayaone maji ya baba."

Tulitoka Dar na basi la asubuhi. Njia nzima mama alisinzia, lakini tulipokata kona ya Segera akakaa wima. Muheza tukanunua machungwa dirishani, na mbele ya hapo ukaanza mkonge, mistari imenyooka mpaka jicho linachoka. Mkonge ule si wa kwetu kwa asili. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893 kutoka ng'ambo ya Atlantiki, na katika miche elfu moja aliyoagiza ilifika hai 62 tu. Kwa ajili ya miche hiyo 62 watu wakatolewa Songea, Kigoma mpaka Burundi kuja kuvuja jasho hapa. Mama hakula chungwa lake mpaka tunaingia mjini.

Galanos ipo upande wa Amboni, kama kilomita nane kaskazini mwa mji, ukishika barabara ya Horohoro inayokwenda Mombasa. Jina ni la Christos Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge huko. Tulichukua bajaji kwa makubaliano ya kwenda, kusubiri na kurudi. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, maana kumtembeza mwenye magoti mabovu juani kutafuta usafiri wa kurudia ni mateso.

Harufu inakupokea kabla hujayaona maji. Dakika tano za kwanza nilipumulia mdomoni, baada ya hapo pua ikazoea. Maji yenyewe yana utusitusi, na pembeni penye mtiririko mdogo kuna nyuzi nyeupe zinazochezacheza kama pamba iliyoloa. Tulimkuta bibi mmoja wa hapo jirani amekaa na ndoo yake. Mama akamwamkia, na mimi nikatoa shikamoo yangu.

"Marahaba, karibuni wageni. Usijitose, dada yangu. Anza na nyayo, kisha magoti, ukizoea ndipo ukae."

Basi mama akafanya hivyohivyo. Alijifunga khanga kifuani, akaingiza nyayo, akasema "Mh!" kwa ule ujoto, akasubiri. Alipofikisha magoti akainama, akawa anayachota kwa viganja na kuyamwagia pole pole, kila goti kwa zamu, midomo ikicheza bila sauti. Sikumuuliza anasema nini.

Je, yamemsaidia? Usiku ule alilala moja kwa moja, jambo ambalo sijaliona kwa muda mrefu, na asubuhi alishuka ngazi bila kushika ukuta. Baada ya wiki maumivu yalirudi, ingawa si kwa ukali ule. Dawa zake hakuziacha hata siku moja, nami nawaomba msiwaachishe wazee wenu dawa kwa ajili ya maji. Kwa kuwa ana presha, tulimuuliza daktari wake kwanza, na hapo chemchemini alikaa kama dakika kumi, akatoka kunywa maji ya kawaida, ndipo akarudi tena. Nendeni asubuhi kabla jua halijakolea. Bebeni khanga mbili, moja ya kuogea na moja ya kubadilishia.

Kero yetu ilitokea jioni hiyo. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikatikiwa maji, na sisi tumerudi tunanuka salfa mpaka kwenye nywele. Tulisubiri hadi saa nne usiku ndipo tukaletewa ndoo mbili. Ukichagua pa kulala, uliza kama wana tangi la akiba.

Siku iliyofuata tulirudi upande uleule kwa ajili ya mapango ya Amboni. Mama alibaki nje chini ya mti, na alifanya vizuri, maana ndani kuna sehemu unapita kwa kutambaa na mwamba unateleza. Vaa raba na uwe na tochi yako mwenyewe. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na mwongozaji anakuonyesha maumbo yaliyojichonga kwa maji. Kwenye chumba cha mzimu nilikuta chupa za marashi na sarafu, vitu vya watu waliokuja kuomba watoto au afya. Nilipita hapo nimenyamaza. Utasimuliwa pia kisa cha mbwa aliyepotelea humo akatokea karibu na Kilimanjaro. Utafiti wa mwaka 1994 uliona pango refu kuliko yote lina mita 900, lakini ukizimiwa tochi ukabaki na sauti za popo, utaelewa kwa nini watu wanaamini halina mwisho.

Mji wenyewe tuliupa siku moja na nusu, nao ulitutuliza sana: baiskeli nyingi, majengo ya Wajerumani, kahawa na kashata barazani. Raskazone ni pa kuogelea maji yakijaa, kwa hiyo uliza bamvua na saa za kujaa kabla ya kwenda. Ni upande huohuo wa mji ambako Waingereza walishuka Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na askari wengi wa Kihindi, wakarudishwa majini na jeshi dogo la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, na nyuki wakawamaliza nguvu.

Kisiwa cha Toten na magofu ya Tongoni hatukuvifikia. Pete tuliipeleka kwa sonara Kariakoo, akasema dakika tano tu ataing'arisha. Mama akairudisha kidoleni ilivyo. Mipango ni kurudi masika yakiisha, na safari hiyo mdogo wake anakuja kutoka Songea.