Kikalio cha darubini ya bunduki na duka lililonifungia: uzoefu wangu

Tangu nihamie Texas kutoka Arusha, kulenga shabaha za mbali ndiyo burudani yangu ya mwisho wa wiki, na sikuwahi kuandika neno kuhusu kifaa chochote nilichonunua. Leo naandika kwa sababu miezi kadhaa iliyopita niliuziwa kikalio cha darubini, yaani kile chuma kinachoishika darubini juu ya bunduki, na namna nilivyohudumiwa bado inanichoma moyo.

Nilikwenda dukani nikiwa nimekwisha kupiga hesabu. Bunduki yangu ni ya .308, yaani kipimo cha risasi yake, na ili risasi yake ifike kwenye shabaha ya yadi 1,000 inanibidi nipandishe darubini kwa karibu dakika 38 za pembe, ambapo kila dakika ni takriban inchi moja kwa yadi 100. Darubini yangu ina dakika 60 kwa jumla, lakini nusu yake iko chini ya katikati, kwa hiyo kikalio kilichonyooka huniachia 30 tu za kupanda, nazo hazitoshi. Dawa yake ni kikalio kinachoinamia upande wa mtutu kwa dakika 20, ambacho huzirudisha kazini zile zilizokuwa zikikaa bure. Nilikihitaji kwa ajili ya safari ya Raton, New Mexico, ambako mtu anaweza kulenga umbali huo bila kubanwa na nafasi.

Muuzaji alinikatiza kabla sijafika nusu ya maelezo, akasema kikalio cha namna hiyo ni cha watu wanaojua wanachofanya. Niliposhikilia neno langu alikileta, akaichukua bunduki mikononi mwangu bila kuniuliza, akaanza kukaza skrubu kwa ufunguo mfupi mpaka chuma kikalia. Nilimwomba kwa adabu atumie bisibisi yenye kipimo cha mkazo, kwa kuwa skrubu za pete zinazoizunguka darubini kwa kawaida hutaka kama nyutoni-mita 2 tu, tofauti kabisa na bolti zinazobana reli, yaani kile chuma chenye mifereji juu ya bunduki ambacho kikalio hukalia. Alijibu kwamba mkono wake ndicho kipimo. Nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko ninakokujutia kuliko pesa zenyewe.

Uwanjani, risasi tano za kwanza kwa yadi 100 zilikaa ndani ya inchi moja, nikafurahi. Kufikia ya ishirini, matundu yalikuwa yamehama inchi nne kuelekea juu kulia. Nilijilaumu mwenyewe: pumzi, kidole, bega. Nilibadilisha hata aina ya risasi, na siku nzima ikaisha nikitafuta kosa mwilini mwangu. Ndipo mzee mmoja wa benchi la jirani alipoomba kutazama. Alichana ukanda wa karatasi, akaupenyeza kati ya bolti ya kikalio na ukuta wa mbele wa mfereji wa reli, nao ukapita na kutokea upande wa pili bila kugusa kitu.

Hapo nikaelewa. Mifereji ya reli ya aina hii, iitwayo Picatinny, ina upana unaozidi kidogo bolti inayoingia ndani yake, na kwa sababu hiyo, kabla ya kukaza, kikalio husukumwa mbele mpaka bolti iegemee ukuta. Kisiposukumwa, kila bunduki inapopiga teke kurudi nyuma, darubini kwa uzito wake hutaka kubaki ilipokuwa, na kikalio hutambaa mbele kidogo kidogo. Tulipofungua pete tulikuta matundu ya nyota ya skrubu mbili yamelika, na kwenye bomba la darubini kuna mikwaruzo miwili ya duara, rangi nyeusi imebanduka, ukucha unanasa ndani yake.

Haki inanilazimu kusema kwamba kikalio chenyewe hakikuwa na kosa. Nilikifunga upya, nikakisukuma mbele, nikakaza kwa kipimo na kwa zamu, skrubu hii kisha ile ya mkabala, na risasi 40 zilizofuata hazikuhama. Nilikusudia kukipa nyota nne. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyokumbuka kwamba ndani ya boksi hamkuwa na karatasi yoyote ya maelekezo, hata mstari mmoja kuhusu mkazo au kuhusu kusukuma mbele, na kifaa cha bei ile hakistahili kumfikia mnunuzi hivyo. Anayejua kufunga kwa mkono wake mwenyewe na akinunue. Asiyejua, nisingependa apitie niliyoyapitia. Nyota mbili, na hata hizo nazitoa kwa shingo upande.

Nilirudi dukani na darubini ndani ya kitambaa. Muuzaji yule yule hakukitazama kikalio. Aliniuliza nani alinifundisha kushika bunduki, huku akimwangalia mwenzake na kucheka. Nilieleza kuhusu ukanda wa karatasi, nikamwonyesha skrubu zilizolika. Alichukua darubini, akaigeuza kwenye mwanga, akasema hawawezi kurudisha pesa wala kufidia chochote, kwa sababu bomba limekwaruzwa na mteja.