Mkopo wa kwenye simu: hela ilikuja chap, na simu ya mama mkwe ikaja nyuma yake

Niwape haki yao kwanza hawa wa aplikesheni ya mkopo, hela iliingia. Nilibonyeza saa tano usiku nimejifunika shuka, mume kalala, sijamaliza hata kukohoa meseji hiyo. Kikoba chetu hapa Makorora, Tanga, ukitaka mkopo usubiri Jumapili, wahesabu hisa zako, utafute wadhamini wawili, na kama wa nyuma hujamaliza (mimi sikuwa nimemaliza) mweka hazina anafunua daftari polepole makusudi ili wote waone ukurasa wako. Nikasema aibu yote hiyo ya nini na simu ninayo mkononi.

Ilikuwa kipindi kile shule zimefunguliwa. Ada hakuna siku hizi mpaka kidato cha sita, sawa, lakini viatu je? Mtoto kaenda siku mbili na ndala, na mtungi wa gesi nao ukaona uishe wiki hiyo hiyo. Nikaomba 100,000. Ikaingia 72,000. Hizo 28,000 wameshakata juu kwa juu, wanaita ada ya huduma, na siku ya saba wanataka laki yao nzima. Mimi napika vitumbua, kimoja 200, na hesabu yangu yote huwa ni ya vitumbua: hapo nshawapikia 140 bure. Baadae binti mmoja wa kikoba ananiambia Benki Kuu imeweka mwisho wa riba kwa wakopeshaji wa namna hii asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani laki moja ni 3,500, kwa MWEZI sio kwa wiki. Nilikaa chini kwenye ndoo.

Ila hata hilo ningelimeza, nilikubali mwenyewe, yale maandishi ya chini sikuyasoma. Ninachoshindwa kumeza mpaka leo ni yule kijana.

Siku ya saba kwa hesabu yangu ilikuwa Jumatano. Kwao ni Jumanne, maana wanahesabu na siku uliyokopa, hata kama umekopa imebaki saa moja iishe. Basi Jumanne asubuhi niko jikoni barazani, chuma kimeshapata moto, wateja wanne wamesimama, mmoja yuko juu ya baiskeli mguu chini anasubiri vyake awahi kazini, simu inaita namba ngeni. Mkono umejaa mchele wa kusaga, nikapokea kwa kiwiko, ikawa laudispika. "Haloo, we mama, hela yetu iko wapi?"

Hakuniamkia! Mtoto, sauti yenyewe imevunjika juzi tu, mimi ni wa kumzaa kabisa, hakuna shikamoo hakuna habari za asubuhi, we mama! Nikamwambia mwanangu, kwanza salamu. Akajibu, "Salamu ndio tunakula? Kukopa ulikuwa na akili, kulipa ndio zimekuishia?" Laudispika hiyo. Yule wa baiskeli akainama anaangalia tairi lisilo na kitu. Vitumbua vyote saba vikaungua kwenye chuma, na mimi tangu nianze biashara hii sijawahi kuunguza chuma kizima. Sisi watu wa Tanga tunajua kumsema mtu, tena tunamsema akaeleweka, lakini unamwamkia kwanza.

Mchana ndio nikajua mengine. Kumbe siku ile napakua aplikesheni iliniuliza kama naruhusu ione majina ya kwenye simu, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wakawatumia watu meseji kwamba mimi tapeli na wao ndio wadhamini wangu. Muuza mkaa wa Mikanjuni kanipigia, "Dada, nimekudhamini lini na hata jina lako silijui?" Fundi bomba, kaja kwangu mara moja tu mwaka juzi, naye kapata. Ustadhi wa madrasa ya watoto hakusema kitu, Mungu amlipe, ila siku hizi akiniona ananijulia hali kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

Halafu mama mkwe, Pangani. Macho yake herufi ndogo hayazioni, kampa mjukuu amsomee, na mjukuu kasoma kwa sauti ya darasani mbele ya wageni. Akanipigia jioni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hamjambo, watoto, vitumbua vinakwenda, kaulizia mpaka kuku. Ndio akasema, "Nasikia nimekuwa mdhamini wako. Ungenambia mwanangu, ningevaa nguo nzuri." Basi. Baada ya muda ikaingia 30,000, na ya kutolea juu yake. Jamani, bora angenitukana. (Mume naye alijua usiku huo, hayo siyaandiki hapa.)

Na kumbe sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Nimeipitia kwa kidole, jina la hawa silioni, kuna moja limefanana herufi mbili tatu, sasa sijui ndio hao hao wamebadili kanzu.

Kwa hiyo msikope huko. Nasema tena msikope, wezi hawa. Ingawa, nisiwe mnafiki, mtoto alivaa viatu kesho yake, na Jumapili ya kikoba ilikuwa mbali bado. Laiti yule kijana angesema shikamoo mama, leo ni siku ya kulipa, ningelipa hiyo laki nikanyamaza, tena ningewasifia kwa majirani, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ningewasifia.

Nililipa Jumatano yangu, 104,000, na faini ya siku moja ndani. Juzi wamenitumia meseji: mpendwa mteja, hongera, kiwango chako kimepanda mpaka 150,000. Mpendwa! Aplikesheni sijaifuta bado. Ntaifuta nikimaliza kuloweka mchele.