Pafu langu "lilivuja" siku zote hizo, kumbe chupa

Nyota moja. Nilianza na tatu, nikafuta nikaweka mbili, halafu nikamkumbuka yule dokta na maneno yake ya gereji. Basi moja inamtosha.

Nazungumzia ile chupa ya plastiki unayounganishwa nayo baada ya kupasuliwa mapafu. Mpira unatoka ubavuni mwako, unaingia kwenye chupa, na mrija wa ndani umezama majini kidogo tu, kama sentimita 2. Hewa iliyobaki kifuani inatoka kwa mapovu, maji yanaizuia kurudi. Imeisha hiyo. Daktari mmoja wa Hamburg, Gotthard Bülau, aliitumia mbinu hii tangu mwaka 1875, na hadi leo kanuni ni ile ile. Mimi ni fundi friji. Kitu rahisi kinachofanya kazi nakiheshimu kuliko mtambo wenye taa kumi, kwa hiyo msidhani nilianza na chuki.

Zamani niliugua TB, nikameza dawa miezi 6, nikapona, ila iliniachia shimo juu kwenye pafu la kulia. Humo fangasi wakajitengenezea tonge lao, nami nikaanza kukohoa damu. Ikabidi kipande kile kikatwe. Hiyo ilikuwa mwaka jana kwenye vuli, mvua zilikuwa zimeshaanza. Walionipasua sina neno nao, mikono yao ibarikiwe. Haya yangu hayawahusu. Au yanawahusu kidogo, nitaona nikifika mbele.

Chupa tulinunua wenyewe. Mama Neema alipewa karatasi yenye orodha, akazunguka maduka ya dawa mpaka akaipata. Bei siitaji, nikiitaja presha itapanda.

Siku mbili za kwanza ilichemka kama sufuria ya maharage. Wakasema ni kawaida, pafu lililokatwa huvuja kidogo mpaka lijizibe. Nikakubali. Ikaja safari ya eksirei. Aliyenisukuma akaubana mpira kwa vibanio viwili ili asisumbuke njiani, tukakuta foleni, na vibanio vikasahaulika pale pale. Sasa hewa inatoka pafuni na mlango umefungwa, itakwenda wapi? Iliingia chini ya ngozi. Narudi wodini shingo imejaa, sauti imekuwa nyembamba kama ya katuni, na kifua ukikibonyeza kinalia ndani kama mfuko wa rambo, ile tuliyokuwa nayo kabla ya katazo la 2019. Mke wangu aligusa mara moja akatoa mkono haraka.

"Baba Neema, humu kumeingia nini?"

Nesi alipoona vile vibanio alivifungua kimya kimya, chupa ikatapika mapovu. Hakuna aliyesema pole. Hilo si kosa la chupa, najua, na uvimbe ulipungua wenyewe baada ya siku kadhaa. Wakaiunganisha chupa na bomba la ukutani la kufyonza, ili pafu livutwe lijae vizuri.

Hapa ndipo penye kesi yangu.

Mapovu hayakukoma. Kila raundi ya asubuhi wanasimama, wanainama, wanaangalia chupa: "Bado linavuja." Kesho yake: "Bado." Ilipokaribia wiki nikasikia wanaongea habari ya kunirudisha thieta. Mke wangu akaanza kupiga simu kwa ndugu, maana thieta ya pili nayo ina karatasi yake.

Lakini mimi nimelala pale mchana kutwa, kazi yangu ni kuitazama ile chupa. Siku za mwanzo mapovu yalikuwa yanafuata pumzi yangu. Nikikohoa yanafumka, nikitulia yanapungua. Sasa yakawa yanatoka kwa mstari mmoja, sawasawa, hayana habari na mimi. Nikohoe, nishike pumzi, nicheke, hayajali. Usiku wodi ilipotulia nikasikia kifilimbi chembamba upande wa chini, pale mpira unapoungana na bomba la chupa, palipozungushiwa plasta. Sauti hiyo nimeitafuta kwenye majokofu ya watu miaka zaidi ya ishirini. Ukiwa na wasiwasi unapaka povu la sabuni kwenye maungio, povu linakuonyesha.

Asubuhi nikasema kwa adabu zote: "Dokta, naomba mkague yale maungio, naona kama kuna hewa inapita pale."

Hakuniangalia mimi, aliangalia faili.

"Mzee, hapa si gereji."

Wanafunzi wake wakacheka. Mzee! Nina miaka 46. Na kama kweli ni mzee, shikamoo yangu iko wapi? Halafu gereji ni ya magari, hata tusi lenyewe kalikosea. Nilishinda siku ile sijala. Mke wangu alidhani ni maumivu.

Aliyeniokoa ni nesi wa zamu ya usiku, binti mdogo tu. "Shikamoo baba, leo nako hulali?" Nikamweleza, nikitegemea naye atacheka. Hakucheka. Alichukua kibanio, akaubana mpira karibu kabisa na ubavu wangu, kwa sekunde chache tu, macho yake kwenye chupa.

"Kama hewa ni ya pafu, mapovu yakome sasa hivi."

Hayakukoma. Yaliendelea na safari yao kama hakuna kilichotokea. Akakihamisha kibanio kidogo kidogo kushuka chini, na alipoyapita yale maungio, kimya. Akabandua plasta. Kiunganishi kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hewa niliyokuwa nahesabiwa mimi ilikuwa ya wodini, bomba la ukutani linaivuta kupitia pale! Akaleta kiunganishi kingine, akafunga, maji yakatulia. Jamani, nilijifunika shuka nikalia.

Asubuhi dokta akainama. "Naona pafu limejiziba lenyewe. Vizuri sana." Binti alikuwa ameshatoka zamu. Na mimi, niliyekuwa nimepanga hotuba usiku kucha, nikasema, "Ahsante, dokta." Hilo linaniuma kuliko ule mpira walipouchomoa siku mbili baadaye, na mpira ule, wacha.

Sasa nyota. Chupa yenyewe ilifanya kazi yake, tuseme ukweli. Bila hiyo chupa, hewa ingenibana kifua nikafa. Tatu basi. Lakini kile kiunganishi si kilikuja kwenye pakiti hiyo hiyo? Kama kilipasuka kiwandani au kitanda kilipogonga mlango siku ya eksirei, siwezi kuapa. Mbili. Ila plastiki gani hiyo ya kubeba roho ya mtu inapasuka kwa kugongwa tu? Nirudishe moja.

Juzi nilipita duka lile lile la dawa kununua dawa ya maumivu, maana ubavu bado unachoma nikilalia upande huo. Nikaziona kwenye rafu, chupa tatu zimepangwa. Nikamwomba dada wa dukani afungue moja niyabonyeze maungio yake.

"Hatufungui, mpaka ununue."

Nilisimama pale muda mrefu kweli. Kidogo ninunue.