Coriolanus kwa Kiswahili: jenerali aliyeshindwa kuomba

Tikiti ya onyesho hili ni shilingi 800, hulipwa kwa M-Pesa mlangoni, na kwa bei hiyo mtazamaji hupata saa mbili na nusu za Coriolanus ya Shakespeare katika Kiswahili kilichotafsiriwa na waigizaji wenyewe, ndani ya ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili usio mbali na Moi Avenue. Nilikwenda Ijumaa jioni nikitokea kazini. Naandika kwa ajili ya wanaojiuliza kama inafaa kuchelewa mjini, wakati matatu za mwisho zinapandisha nauli, kwa sababu ya jenerali wa Kirumi ambaye wengi wetu hatukukutana naye hata tulipomsoma Juliasi Kaizari katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Inafaa, ila chagueni viti vyenu kwa uangalifu.

Tamthilia hii inakadiriwa kuandikwa karibu na mwaka 1608, na haikuchapishwa hadi 1623, miaka saba baada ya mwandishi wake kufa. Kisa chenyewe kilitoka kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kwa njia ya tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North. Caius Martius ni mpiganaji asiye na mfano: anaingia peke yake ndani ya malango ya Corioli, mji wa Wavolski, maadui wa Roma, anatoka akichuruzika damu, mji unatekwa, naye anapewa jina la Coriolanus. Makabaila wa Roma wanataka awe konsuli, cheo cha juu kabisa cha uongozi wa mji. Desturi, hata hivyo, inamtaka kwanza avae vazi duni, asimame sokoni na kuwaomba kura watu wa kawaida, wale wale ambao mchezo ulipoanza walikuwa wakilia njaa na kudai nafaka huku yeye akiwatukana.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoipa tamthilia hii kitu ambacho sikukiona nilipoisoma kwa Kiingereza. Sisi husema mgombea anaomba kura, na tumelizoea neno hilo kiasi kwamba hatulisikii tena, ingawa ni kitenzi kile kile cha mtu anayenyosha mkono penye taa za barabarani. Coriolanus analisikia. Mwigizaji wake, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, alitokea akiwa amevaa kanzu kuukuu iliyomfika juu kidogo ya vifundo vya miguu, na chini yake alikuwa bado na buti zake za vita. Kila alipomfikia mwananchi alifungua kinywa, akakwama kwenye herufi ya kwanza ya kitenzi, kisha akakiruka na kusema "kura yako" tu, kama mtu anayedai deni. Mkono wa kushoto haukubanduka kwenye vifungo vya kifua, kwa kuwa desturi inamtaka aonyeshe makovu, naye hayaonyeshi. Mwananchi mmoja anamwambia kwamba bei ya uongozi huo ni kuuomba kwa upole, na ukumbi mzima ukacheka kicheko cha watu waliokwisha kupita katika misimu kadhaa ya kampeni, wakawaona waheshimiwa wakila mahindi ya kuchoma kando ya barabara mbele ya kamera.

Menenius, mzee anayewatuliza wenye njaa kwa hadithi ya viungo vya mwili vilivyoliasi tumbo, aliichukua hadithi hiyo polepole, kama babu aliyeketi kibarazani. Alipendeza sana alipokutana na Volumnia, mama wa jenerali, wakahesabu majeraha ya shujaa mpaka yakafika 27, kwa furaha ya wazee wanaohesabu ng'ombe wa mahari. Sikufurahishwa na namna walivyochezwa Sicinius na Brutus, wawakilishi wa umma wanaowachochea watu wamfukuze Coriolanus Roma, ambao hapa wamefanywa vikaragosi wenye vitambi na suti za kubana. Ni wajanja na wanapanga njama, hilo halina ubishi, lakini wanachosema juu ya Coriolanus, kwamba anawadharau watu anaotaka kuwaongoza, ni kweli tupu. Ukiwageuza kuwa vichekesho, kufukuzwa kwake Roma kunaonekana kama uonevu mtupu, na anguko lake linapungua uzito.

Vita vilipita haraka, kwa ngoma mbili na mapanga ya mbao, nami sikulalamika. Wakati wa mapumziko paliuzwa chai ya maziwa na mahamri mawili kwa shilingi 100. Mahamri yalikuwa ya moto.

Sehemu ya pili inamwonyesha akiwa amekwisha kufukuzwa na kujiunga na Tullus Aufidius, jenerali wa Wavolski na adui yake wa miaka yote, akilileta jeshi la Wavolski hadi karibu na kuta za Roma. Cominius, aliyekuwa kamanda wake, amekwisha kuja kuomba na kurudi mikono mitupu, na Menenius naye vivyo hivyo. Kisha anakuja mama. Volumnia wa onyesho hili ni mwanamke wa makamo aliyejifunga leso, anayemwita mwanawe "baba" kama mama zetu wanavyotuita wanapotaka jambo, na ndiye wa kwanza usiku huo kukitamka kile kitenzi bila kukwama: "Baba, nakuomba." Halafu akapiga magoti. Nyuma yangu bibi mmoja akasema kwa sauti, "Simama, mama, utamharibia mtoto radhi," wala hakuna aliyemnyamazisha. Coriolanus mwenyewe anashtuka vivyo hivyo, kwani mtu ambaye hakuweza kuwaomba wafinyanzi na washona viatu anaombwa sasa na aliyemzaa, na hana silaha ya kujikinga na hilo.

Maelekezo ya jukwaa ya Shakespeare mahali hapo ni mafupi mno: anamshika mama mkono, akiwa kimya. Kimya hicho ndicho kilele cha mchezo, maana ndani yake anaamua kuiokoa Roma huku akijua kwamba Wavolski huenda wakamuua kwa uamuzi huo. Kwa masikitiko makubwa, fundi wa sauti alikijaza kwa kinanda chenye huzuni ya tamthilia za televisheni. Nilikuwa nimeketi upande wa kulia, nyuma ya nguzo, nikaona bega la jenerali na ncha ya leso, basi. Mikono yenyewe sikuiona.

Kuhusu kifo chake nina neno moja la tafsiri. Aufidius anamchokoza kwa kumwita kwa jina ambalo jenerali hawezi kulistahimili, "boy" kwa Kiingereza, na hapa limetafsiriwa "mtoto". Si kosa, lakini katika mji huu ambamo mpishi mwenye wajukuu aliitwa "boi" na mlowezi mdogo kwake kwa umri, neno lililofaa lilikuwa tayari, nalo lingetuchoma sote. Hata hivyo kijana yule alilirudia "mtoto" mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, akijisifu kwamba ni yeye aliyewatawanya Wavolski ndani ya Corioli, mbele ya watu ambao baba na wana wao aliwaua huko, mpaka panga zikamfikia katikati ya sentensi.

Bado kuna maonyesho mawili, Jumamosi hii na ijayo, saa tisa alasiri, muda unaomwezesha mtazamaji kurudi nyumbani kwa nauli ya kawaida. Nimemwomba kijana wa mlangoni awafikishie wenzake ombi la kuzima kinanda, akacheka na kusema atajaribu. Mimi nimekwisha kulipa tena, kiti cha safu ya tatu upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna nguzo kati ya mtazamaji na mikono ile.