Siku ya kwanza melini: gauni refu au kaptula?
Gauni refu linapendeza kwenye picha, hilo sikatai, ila siku ya kupanda meli ya kitalii ni foleni, kukaguliwa, ngazi, alafu ule upepo wa juu deki unaokupandishia gauni mbele za watu. Kaptula na tisheti ndo mpango mzima, tena vaa na nguo ya kuogelea kwa ndani kabisa, maana begi kubwa unawaachia wapagazi bandarini na linaweza kufika chumbani jioni, sasa wenzako wako kwenye bwawa we umekaa unalisubiri. Gauni linashinda usiku tu, migahawa mingi ya melini haipendi kaptula mezani. Mi bado kaptula, na sweta kwenye mkoba pamoja na pasipoti na dawa, kiyoyozi cha ndani hakina huruma. Mguuni raba, mchuchumio sahau.